Sketi ya Mita Nne

Kila Jumamosi, mimi na Bapuji tunashuka ngazi kutoka ghorofa ya tatu hadi dukani kabla ya saa mbili asubuhi. Bapuji ni babu yangu, mzee Champaklal, na duka ni lake. Lipo Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, na limejaa vitambaa kuanzia sakafuni hadi darini. Mimi ni Krupa, nipo darasa la sita. Kazi zangu za Jumamosi ni mbili: kupanga vibao vya bei na kutosumbua wateja kwa maswali. Ile ya kwanza naifanya vizuri.

Tukifika chini tunamkuta anko Severine ameshafungua, amefagia na kumwagia maji mbele ya duka ili vumbi litulie. Bapuji anawasha taa ndogo ya samli mbele ya picha ya mungu wetu Lakshmi, kisha wao wawili wanakunywa chai ya tangawizi na kubishana kuhusu mpira. Wamebishana hivyo kwa miaka ishirini na saba na bado hakuna aliyeshinda. Severine ni mfanyakazi wa Bapuji, lakini pia ni rafiki yake. Funguo zote za duka anazo yeye. Bapuji alipolazwa hospitali mwaka juzi, Severine aliendesha duka mchana, na jioni akampelekea uji.

Na kwangu mimi pia ni rafiki. Yeye ndiye aliyenifundisha kupima kitambaa bila futi. Unashika ncha moja puani, unanyoosha mkono mpaka mwisho, basi hiyo ni mita. "Ila wewe mkono wako bado mfupi," aliniambia, "kwa hiyo ongeza shubiri moja."

Duka letu lilikuwa na desturi yake. Jora likishauzwa kwa mita mpaka mwisho, hubaki kipande ambacho hakifiki hata mita moja. Vipande hivyo vilikuwa vya Severine. Bapuji alimpa tangu zamani na hakuwahi kuuliza vinakwenda wapi, kwa sababu sote tulijua. Mke wa Severine, anti Candida, ni fundi cherehani kule Ilala. Aliviunga vipande vile akatengeneza mito, mifuko na nguo za watoto. Kila mwaka alinishonea kitu cha kuvaa kwenye Navaratri, sikukuu yetu ya siku tisa ambayo tunacheza ngoma ya garba. Kila alichonishonea kilikuwa na maungio mengi na rangi saba au nane.

Mwaka huu alinitumia sketi pana ya satini ya zambarau. Nilipoivaa na kuzunguka, ilifunguka yote mpaka ikapiga kabati. Nilifurahi mno, na sikuuliza chochote.

Siku mbili baadaye, Jumamosi asubuhi, mteja mmoja aliingia dukani akiwa amebeba jora begani. Alikuwa Mama Josepha wa Magomeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu. Maandalizi ya sendofu yanaendeleaje?"

"Yangekuwa mazuri kama si hili." Alilitua jora juu ya kaunta. "Nimenunua satini hapa juzi, jora zima, la sare za kamati. Mmeandika mita thelathini. Fundi kapima mara mbili, kapata ishirini na sita. Sasa kamati nzima inanikodolea macho, wanadhani mimi nimekula kitambaa!"

Bapuji alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Jora zima huja limefungwa nailoni kutoka kiwandani, na mtu akilinunua hivyo halipimwi. Bapuji alilipima hili mwenyewe kwa mita ya mbao. Zilikuwa ishirini na sita. Akaagiza majora mengine matano ya satini ile yaletwe kutoka stoo. Mawili yalikuwa yamepungua, na nailoni zake zilikuwa zimefungwa upya kwa selotepu, vizuri sana, huoni mpaka uangalie kwa karibu.

Alimpa Mama Josepha jora lililotimia na kumwomba radhi. Mama alipoondoka, Bapuji aligeuka.

"Ramadhan, njoo."

Kaka Ramadhan ndiye aliyekuwa akipanga mizigo stoo. Alikuwa na miezi miwili tu kwetu. Kabla ya hapo alibeba mizigo sokoni, na alipopata kazi ya duka mke wake alikuwa amejifungua wiki hiyohiyo. Alituletea halua kwa furaha.

"Kabla hujaja wewe," Bapuji alisema, "hapa jora halijawahi kupungua."

"Mzee, naapa, sijagusa kitambaa chako."

"Stoo mnaingia wewe na Severine tu. Severine ninaye miaka ishirini na saba. Sitaki polisi, sitaki kelele. Maliza kazi zako, saa nane uchukue haki yako uende."

Ramadhan alimtazama Severine, labda akitegemea atasemewa neno. Severine alikuwa ameinama kwenye meza ya kukatia, mkasi mkononi. Aliendelea kukata bila kuinua kichwa. Mimi nilidhani ni huzuni.

Saa saba nilipanda juu kula. Bibi yangu, ambaye sote tunamwita Ba, alikuwa anapiga pasi ile sketi yangu. Hakujua lolote la dukani.

"Ona, Krupa," alisema, "Candida safari hii amejitahidi kweli. Haina ungio hata moja!"

Alikuwa anasifia. Mimi niliwaza majora yaliyopungua.

Nilichukua sketi, nikaenda nayo chumbani. Nilishika pindo puani, nikanyoosha mkono, nikaongeza shubiri. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Kipande kimoja cha mita nne, satini ya zambarau ileile ya Mama Josepha. Tena satini ile ilikuwa imeingia mwezi huo na ilikuwa ikiuzwa kwa majora tu. Hakuna aliyekatiwa hata mita moja. Sasa mabaki yalitoka wapi?

Niliisukuma sketi chini ya godoro, nikaikalia. Niliwaza kwamba nikisema, Severine atafukuzwa, na Bapuji atapoteza rafiki. Nikinyamaza, Ramadhan ataondoka saa nane, na hakuna atakayejua. Ramadhan mwenyewe nilimjua kwa miezi miwili tu. Naona aibu kuandika hivi, lakini nililiwaza hilo. Ba aliniita mezani mara tatu. Sikula, na mimi si mtu wa kuacha chakula.

Niliposhuka, Bapuji alikuwa nje anazungumza na jirani. Nilimfuata Severine kwenye meza ya kukatia.

"Anko, sketi yangu imetoka jora gani?"

"Ni mabaki, mama. Kama siku zote."

"Mabaki ya mita nne?"

Mkasi ulisimama katikati ya kitambaa. Severine hakunitazama usoni. Alitazama mlangoni, alikokuwa Bapuji.

"Umemwambia babu yako?"

"Bado."

"Basi usimwambie." Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Krupa, mimi na wewe si marafiki? Nitaacha. Nakuahidi sitarudia tena. Lakini ukisema, mimi nimekwisha."

Nilitaka kusema sawa, na neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Wakati huo Ramadhan akatoka stoo. Alikuwa amevaa shati lake la kuendea nyumbani na amebeba chupa yake ya chai. Bapuji aliingia, akampa bahasha. Ramadhan aliipokea kwa mikono miwili, kisha akanijia mimi.

"Haya, Krupa. Nisalimie Ba. Mwambie halua nitamletea siku nyingine."

"Kaka Ramadhan, usiondoke!" Niliropoka kwa nguvu mpaka mteja aliyekuwa akichagua kitenge akageuka. "Bapuji, sio yeye. Sketi yangu ya garba ina mita nne. Nimeipima. Haina ungio."

Kisha nikaanza kulia, maana nilikuwa nimeshasema na haiwezekani kurudisha.

Bapuji hakuelewa mara moja. Alinitazama mimi, kisha meza ya kukatia. Severine aliuweka mkasi chini.

"Ni mimi, Mzee," alisema.

Yule mteja akakirudisha kitenge taratibu na kutoka.

"Mwanzo yalikuwa mabaki kweli," Severine aliendelea. "Halafu Candida akapata oda za nguo za watoto, mabaki hayakutosha. Nikaanza kuacha mita moja mwishoni mwa jora. Mita ikawa mbili. Nikawa namwambia Candida kwamba wewe umenipa. Mwezi huu nikagusa majora mazima. Na hii ya Krupa... nilitaka tu apate kitu kizuri."

Nilidhani Bapuji atapiga kelele. Alikaa kwenye kiti, akavua miwani.

"Kitambaa ni kitambaa, Severine," alisema. "Lakini tangu asubuhi ulikuwa hapa. Ulimwona huyu mwenye mtoto mchanga anafukuzwa kwa kosa lako. Ukaendelea kukata?"

Hapo Severine ndipo alipolia. Sikuwahi kumwona mtu mzima akilia dukani. Alimwendea Ramadhan na kumwomba msamaha mbele yetu sote.

"Kaka, kusamehe nitasamehe," Ramadhan alimjibu, "lakini leo bado nina hasira. Mke wangu ningemweleza nini?"

"Ana haki," Bapuji alisema. Akasimama, akamgeukia Ramadhan. "Na mimi nimekukosea. Nilikuhukumu kwa sababu wewe ni mgeni, sikutafuta ushahidi mwingine. Nisamehe. Bahasha hiyo kaa nayo, na Jumatatu njoo kazini."

Mzee wa miaka sabini na mbili alimwomba radhi mfanyakazi wake, mlango ukiwa wazi na Kariakoo yote ikipita. Nilihisi nafuu kubwa, nikakaa juu ya furushi la khanga.

Severine alitoa funguo mfukoni na kuziweka juu ya kaunta. Bapuji alimwambia aende nyumbani, amweleze mkewe ukweli wote, kisha akae wiki mbili akitafakari. Jumatatu asubuhi anti Candida alikuja mwenyewe na mfuko mkubwa wa vitambaa ambavyo alikuwa hajavikata. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema kile kilichokwisha tumika atakilipa kwa kushona, na Bapuji alikubali. Mimi nilimrudishia sketi, akaifumua iwe nguo za kuuza. Iliniuma, sitaki kudanganya.

Baada ya wiki mbili Severine alirudi. Bapuji alimpokea kwa masharti: hatashika funguo, atafanya kazi stoo, na meza ya kukatia ni ya Ramadhan. Mabaki bado yatatolewa kwa wafanyakazi, lakini kila kipande kitawekwa kwanza juu ya kaunta, kionekane na kupimwa. Severine alikubali yote.

Asubuhi hiyo sikujua nimsalimie vipi. Nilisimama mlangoni mwa stoo.

"Shikamoo, anko."

"Marahaba, mama." Aliinua jora begani. "Nilidhani hutanisalimia tena."

"Mimi nilidhani wewe ndiye utanikasirikia."

Bapuji alitusikia akaja. Aliegemea rafu, akazungumza nasi wote wawili, lakini mkono wake ulikuwa begani mwangu.

"Mimi mwenyewe nina fungu langu katika jambo hili," alisema. "Miaka yote niliona haya kumkagua rafiki, nikadhani ndiyo heshima. Ningeangalia mabaki yale mara moja kwa mwezi, Severine asingefika mbali hivi. Na wewe, Krupa, kumbuka. Mtu unayempenda akikosea, usimsaidie kuficha. Kosa lililofichwa halimwachi alipo, linamvuta mbele kila siku, na linamwangukia mtu mwingine asiye na hatia. Mwambie mkubwa unayemwamini, hata kama sauti inatetemeka."

"Ilitetemeka sana," nilisema.

"Tuliisikia," Bapuji akajibu.

Severine alishusha jora alilokuwa amelibeba. "Msikilize babu yako," aliniambia. "Siku ile nilikuomba unyamaze. Ungenikubalia, ningerudia wiki iliyofuata, najijua. Leo nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, na nina mahali pa kuja kazini."