Mtunzi wa Pango la Maji

—Hebu soma wewe, labda macho yangu yana kasoro.

Prodyuza hakuitazama karatasi ya ratiba aliyonyoshewa na mchumba wake. Alikuwa ameinama nyuma ya jukwaa, anachomeka nyaya za spika.

—Tuko mazoezini, mpenzi. Tutaongea nyumbani.

—Tunaongea hapahapa. "Muziki wa Pango la Maji. Mtunzi..." Malizia. Hilo jina la nani?

—Langu.

Jamani, kuna mambo yanachemsha damu hata ya aliyelala. Muziki wenyewe ni wa mchezo wa video uliotoka mara tisa katika miaka ishirini. Waliokuwa wakiucheza utotoni leo wana ndevu, na wote wanapiga mluzi wimbo mmoja, ule wa pango la maji wa toleo la sita. Jumamosi unapigwa ukumbini na bendi nzima. Aliyeutunga ni huyu binti wanayemwita Kinanda, miaka minane iliyopita, akiwa na homa, kwenye chumba cha kupanga, kinanda chake amekiweka juu ya ndoo. Mpenzi wake Prodyuza ndiye aliyeupeleka kwa kampuni ya mchezo huo. Akarudi akasema hawaandiki majina ya watunzi, na Kinanda akaamini. Ukipenda, masikio nayo yanaziba.

—Miaka minane umenidanganya.

—Wewe nani alikuwa anakujua? Bila jina langu wasingeusikiliza hata dakika moja.

—Kwa hiyo umeniibia kwa kunisaidia.

—Acha hilo neno. Bado wiki mbili tuoane. Mke na mume kuna changu na chako?

—Wewe umenichumbia mimi au vidole vyangu?

Simu ya Kinanda ikatoa mlio. Ujumbe wa shangazi yake, aliyemlea: "Mwanangu, mwenzio kanipigia asubuhi, anasema leo utaona kitu ukasirike. Meza tu. Kadi za harusi zimeshagawiwa."

Kinanda aliusoma mara mbili. Hasira iliyokuwa kifuani ikapanda kichwani.

—Asubuhi? Ulijua nitaona, ukaenda kunitafutia wa kuniziba mdomo?

Kabla hajajibiwa, kiongozi wa bendi akaja anafuta jasho, mzee mrefu asiye na subira.

—Mtunzi, njoo tumekwama. Kwenye mchezo huu wimbo hauna mwisho, unazunguka mpaka mchezaji atoke pangoni. Mimi jukwaani lazima niumalize. Tunautoaje?

Alikuwa anamuuliza Prodyuza.

—Punguzeni sauti polepole mpaka ipotee.

—Hiyo kazi ya mashine, kijana. Mimi nina watu arobaini wanapumua. Wimbo ni wako, ulikuwa unaelekea wapi?

Prodyuza akakohoa. Akamgeukia Kinanda, sauti imekuwa laini ghafla.

—Mpenzi, hebu mwoneshe.

—Mwoneshe wewe, si ndiye mtunzi?

—Tafadhali. Usiniaibishe mbele za watu. Nakupenda, unajua.

—Najua. Ndiyo maana ukadhani nitameza.

Akampita, akapanda jukwaani na kumwomba mpiga piano ampishe. Akapiga mzunguko mmoja ambao kila mtu pale aliujua. Alipofika mahali wimbo hurudi mwanzo, hakurudi. Akaushusha chini, hatua kwa hatua, ukatua.



—Kila mzunguko niliuzuia usitue, —akasema— kwa sababu mtu bado yuko pangoni. Hapa ametoka.

Kiongozi akamtazama yeye, kisha akamtazama Prodyuza aliyekuwa ameshika waya bila kuuchomeka popote.

—Huu wimbo ni wako.

—Wangu.

Mzee akachomoa kalamu, akaichukua ratiba na kulikata jina la Prodyuza.

—Sawa, umeshinda, —Prodyuza akasema kwa sauti ya chini.— Nyumbani tutayamaliza.

—Nimeshayamaliza. Nguo zako utazikuta kwa jirani.

Akatoa simu, akaandika palepale kwenye kiti cha piano: "Shangazi, harusi hakuna. Waliopewa kadi waambie waje Jumamosi ukumbini, wamwone mtunzi."

Jibu halikuchelewa: "Makubwa haya. Na mwenzio kanipigia tena, analia. Nimwambie nini?"

Kinanda akatazama bendi iliyokuwa inamsubiri, akaandika:

"Mwambie ajitungie."