Picha Kubwa kwa Macho ya Bibi

Macho yake yalipokuwa mazima, Bibi ndiye aliyemtungia mwanawe uzi kwenye sindano. Mwanawe ni fundi cherehani. Cherehani imekaa chini ya dirisha la sebule, ghorofa ya pili, na kando yake ndipo kilipo kiti cha Bibi. Siku hizi Bibi hatungi uzi. Hupanga vifungo kwa kuvipapasa: vya matundu mawili kopo hili, vya matundu manne kopo lile. Hakosei hata kimoja.

"Mwanangu, leo cherehani yako inakohoa."

"Inataka mafuta, Mama."

"Basi ipe. Mtu mzima akikohoa hapewi lawama, hupewa dawa."

Daktari wa macho alikwisha kuwaambia ukweli. Ugonjwa uko nyuma ya jicho. Dawa itauzuia usizidi, lakini kilichopotea hakirudi. "Vitu vidogo hatavipata tena," alisema. "Vikubwa, vyenye mwanga mzuri, ataviona. Basi mkuzieni vitu."

Jumatatu moja, mjukuu mkubwa alituma video kwa simu. Binti huyu alilelewa mgongoni mwa Bibi. Sasa alikuwa anamaliza chuo cha uuguzi katika mji wa mbali, na sare yake nyeupe alishonewa na baba yake. Jumamosi, saa tisa alasiri, angekula kiapo cha wauguzi. Chuo kingeirusha sherehe mtandaoni, moja kwa moja.

Bibi alipokea simu, akaisogeza karibu na pua, akatabasamu.

"Mashallah! Tazameni anavyopendeza! Tazameni anavyotembea!"

Fundi alichungulia kupitia begani kwa mama yake. Kioo cha simu kilikuwa cheusi. Video ilikwisha kitambo. Bibi alikuwa akilisifu giza, ili asiwavunje moyo.

Fundi alirudi kwenye cherehani. Alikanyaga, sindano ikatoka nje ya mstari. Alifumua. Alikanyaga tena, ikatoka tena.

"Umeona?" mkewe alimnong'oneza jikoni.

"Nimeona."

"Kiapo hakirudiwi, baba watoto. Jumamosi ikipita imepita."

Kesho yake Fundi alikwenda kwenye duka la vyombo vya umeme, futi ya kupimia nguo shingoni kama kawaida yake. Alitaka runinga kubwa. Aliona moja, pana kama kitanda, akaambiwa bei yake. Fedha aliyokuwa nayo ilikuwa akiba ya cherehani ya pili, na hata hiyo isingetosha. Hata hivyo alilipima boksi kwa futi. Alikijua kipimo cha ngazi za nyumbani kwao. Boksi lile lisingepita kwenye kona.

Muuzaji alimsoma usoni. Akatoa kiboksi kidogo chini ya meza.

"Mzee wangu, achana na runinga. Hii ni projekta. Unaiweka mezani, inarusha picha ukutani, kubwa kuliko ile. Na bei yake ni robo. Soma hapa: lumeni elfu ishirini! Na hapa: 4K!"

"Lumeni ni nini?"

"Ni kipimo cha mwanga. Namba kubwa, mwanga mkubwa."

"Iwashe niione."

"Boksi halifunguliwi kabla ya malipo. Na bei hii mwisho wake leo."

Mkono wa Fundi uliingia mfukoni. Jumanne ilikuwa inakwisha, na Jumamosi haimngojei mtu. Lakini aliutoa mtupu. Akasema, "Nitarudi," akatoka bila kujua kama amefanya la busara au la upumbavu.

Kwenye ngazi alikutana na jirani yake wa chumba cha mbele. Watu humwita Fundi Taa, kwa kuwa kazi yake ni kufunga taa na skrini za picha katika kumbi za mikutano.

"Jirani, mbona umekunjamana kama shati lililokosa pasi?"

Fundi akamweleza yote: macho ya Bibi, kiapo, boksi, lumeni elfu ishirini. Fundi Taa alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza:

"Ukienda kununua kitambaa, lebo ikasema ni pamba tupu, wewe hufanyaje?"

"Navuta uzi mmoja, nauchoma. Ukinuka karatasi iliyoungua na majivu yakawa laini, ni pamba. Ukiyeyuka kama plastiki, lebo imesema uongo."

"Kumbe! Uzi unauchoma, halafu mwanga unataka kuununua kwa lebo?"

Fundi aliinama. Aibu ilimpata, lakini ilikuwa aibu yenye nafuu ndani yake.

"Sikiliza, jirani," alisema Fundi Taa, akikaa kwenye ngazi. "Namba ya lumeni huandikwa kwa njia nyingi. Wengine huandika namba ya kujitapa tu. Wewe uliza lumeni za kipimo cha ANSI. Huo ndio mwanga unaofika kwenye picha yenyewe. Projekta ya bei nafuu ikiwa na mia tatu au mia nne za namna hiyo, na chumba kikawa na giza, inafaa. Ile ya elfu ishirini yaweza isifikishe hata mia."

"Na hiyo 4K?"

"4K ni wingi wa vitone vya picha. Usiulize inapokea picha gani. Uliza yenyewe inaonesha vitone vingapi. Ikiwa ni 1920 kwa 1080, picha itakuwa safi. Mlango mpana haumfanyi mwenye nyumba kuwa tajiri."

"Sasa kwa nini watu wote wasinunue projekta, wakaacha runinga?"

"Kwa sababu projekta haielewani na jua. Mtu anayetaka kutazama mchana kutwa, madirisha wazi, na anunue runinga, hata ikiwa ndogo. Ninyi mnataka picha kubwa kwa saa chache. Projekta inawafaa. Lakini kiapo ni saa ngapi?"

"Saa tisa alasiri."

Fundi Taa alikuna kichwa. "Na dirisha lenu linatazama wapi?"

"Machweo," alisema Fundi, na sauti yake ikafifia.

Jumatano walikwenda pamoja kwenye duka jingine, ambako muuzaji alikubali kuwasha. Walichagua projekta yenye namba ndogo kwenye boksi, lakini kipimo chake kilikuwa cha ANSI. Nyumbani, kutoka rafu hadi ukutani ni mita tatu. Basi Fundi alipima mita tatu dukani kwa futi yake, wakaiweka hapo. Picha ilitoka pana zaidi ya mita mbili. Fundi Taa aliomba waoneshwe maandishi, akayasoma ya katikati, kisha ya pembeni, kona kwa kona.

"Projekta mbovu," alisema, "huwa na katikati nzuri na pembe zenye ukungu."

Walijaribu pia waya wa kuiunganisha na simu ya Fundi, kwa maana si kila simu hukubali. Wakadai risiti na hati ya dhamana ya mwaka mmoja. Bei ilizidi ile ya kiboksi cha kwanza, lakini haikufika nusu ya runinga.

Fundi alirudi amefarijika. Ukuta wao ulikuwa wa kijani, na kijani huipaka picha rangi yake. Hilo halikumtisha. Kushona ni kazi yake. Usiku huohuo alichukua atlasi nyeupe, kitambaa alichokiheshimu kuliko vyote, akaunga vipande viwili kwa mshono mzuri ajabu, akaitundika ukutani.

Alhamisi alasiri wakawasha.

Atlasi ilimetameta. Mwanga ulirudi machoni kama jua juu ya bati. Mshono ulikata picha katikati, na kila mtu aliyesimama hapo alikuwa na pua mbili. Jua nalo lilipita kwenye pazia jepesi, likayafuta yaliyobaki.

"Unaona nini, Mama?" Fundi aliuliza.

Bibi alikaza macho. "Naona... inapendeza," alisema kwa upole.

Fundi aliufahamu upole ule. Ulikuwa uleule wa Jumatatu.

Mkewe alikwenda kumgongea Fundi Taa. Jirani huyo alikuja, akatazama, akajizuia kucheka, akashindwa.

"Jirani, umeivalisha projekta nguo ya harusi! Hii inataka nguo ya kazi. Kitambaa kizito cha pamba, cheupe, kisicho na mng'ao. Kipande kimoja, bila mshono. Tia ubao mwembamba kwenye pindo la chini, kitambaa kisijikunje."

"Na jua?"

"Hilo nimwulize nani, kama si fundi wa mapazia?"

Fundi hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Ijumaa, aliporudi kutoka msikitini, alikaa kwenye cherehani. Alipinda kipande kizima cha pamba nyeupe, akakitia ubao, kisha akashona pazia jeusi zito lenye bitana, pana kuliko dirisha kwa shubiri mbili kila upande, ili mwanga usipenye kwenye kingo. Bibi alimpa pete za pazia moja moja, akizihesabu kwa vidole.

"Unashona kwa hofu, mwanangu," alisema ghafla.

"Umejuaje?"

"Cherehani inakimbia. Wewe ukiwa na amani, hutembea."

Fundi alisimamisha mguu. Alitaka kumwambia: Mama, naogopa kesho utatabasamu tu. Badala yake akatunga uzi, akaendelea.

Jumamosi, saa nane na nusu, kila kitu kilikuwa mahali pake. Projekta ilikaa juu ya rafu, nyuma ya vichwa vyao, matundu yake ya hewa yakiwa wazi ili isipate joto. Fundi Taa aliwaonya wasiitazame kwenye jicho lake, kwa kuwa mwanga ule huumiza. Sauti ya projekta ilikuwa nyembamba kama ya mbu, basi waliiunganisha na redio kubwa ya nyumbani. Kiti cha Bibi kilisogezwa hadi hatua mbili kutoka kwenye kitambaa.

Pazia likafungwa. Sebule ikawa giza, na nje ni alasiri ya jua kali.

Saa tisa ilifika. Picha haikufika. Kiduara kilizunguka, kikazunguka. Fundi aliukaza waya wa simu, akaukaza tena.

"Subira, baba watoto," alisema mkewe, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amekunja pindo la kanga yake hadi likawa kamba.

Mara ukuta ukafunguka. Ukumbi mzima uliingia sebuleni: safu za wauguzi wenye sare nyeupe. Kamera ilipita usoni mwa mmoja, wa pili, wa tatu, ikafika kwa binti yao, uso na mabega yake vikajaa kitambaa. Aliinua mkono wa kulia, na sauti yake ikajaa chumba.

Fundi hakutazama picha. Alimtazama mama yake. Bibi hakutabasamu. Hakusema "Mashallah". Aliinama mbele, mikono juu ya magoti, uso umeng'aa kwa mwanga wa picha. Fundi akawaza: basi, haoni. Amechoka hata kutudanganya.

Kiapo kikaisha. Makofi yakapigwa. Bibi alinyoosha kidole kuelekea kwenye kitambaa.

"Ile sare umeishona wewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi mbona ukosi wa kushoto umekunjika kwa ndani?"

Fundi aligeuka. Ukosi wa kushoto ulikuwa umekunjika kwa ndani, kidogo tu, kiasi cha ncha ya kidole. Hakuwa ameuona. Mkewe hakuwa ameuona. Hata Fundi Taa, mwenye macho ya kazi, alisogea ndipo akauona.

"Na ana kovu la kidevuni," Bibi aliendelea. "Lile la kuanguka jikoni. Nilidhani limefutika. Halijafutika." Sasa machozi yalimtoka, na hakuyapangusa. "Mimi nililiosha lile jeraha."

Fundi alikuwa amewahi kusutwa na wateja wengi kwa mishono mingi. Hakuna lawama iliyowahi kumwingia moyoni kwa utamu kama ile. Alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya chini, kisha akaishika simu na kungoja sherehe imalizike.

Binti alipopokea, Fundi hakumpa hata nafasi ya kusalimu.

"Mwanangu, kabla hujapigwa picha, nyoosha ukosi wako wa kushoto."

Nguo ikasikika ikinyooshwa. Kisha binti akacheka.

"Haya, umenyooka! Lakini Baba, kwenye kioo cha simu ni kidogo mno. Nani kauona?"

"Muulize mwenyewe," alisema Fundi, na akampa Bibi simu.