Mwanamke wa Dirisha la Dawa

“Sauti ya jana imenikosha. Nitumie nyingine leo, ila mkeo asijue kwanza.”

Muuguzi aliusoma ujumbe huo kwenye simu ya mumewe huku pasi ikiunguza sare yake ya kazi. Aliyetuma alikuwa mwanamke, mfanyakazi mwenza wa mumewe kwenye kampuni ya kutengeneza gemu. Walikuwa wakiunda mji mzima ambamo mchezaji huzurura apendavyo, na mume ndiye aliyeandika maneno ya watu wa mitaani humo.

Alirudisha simu ya mumewe mahali pake. Wiki nzima alimchunguza. Simu ililazwa kifudifudi, ikaingia hadi bafuni, na kila alipouliza aliambiwa ni mambo ya kazi. Dada yake alimshauri asipige kelele, aende akajionee.

Siku yake ya mapumziko akaenda ofisini kwa mumewe. Kutoka chumba cha majaribio alisikia vicheko, kisha mwanamke akisema:

“Dawa zimeisha, glavu zimeisha, mimi tu ndiye sijaisha. Panga foleni.”

Alisukuma mlango. Maneno hayo aliyasema yeye, kitandani kwake, akilia, siku aliyofiwa na mgonjwa mikononi. Kwenye skrini alisimama muuguzi wa dirisha la dawa, mwenye mwendo na kilemba kama vyake yeye. Mwanamke wa ule ujumbe alikuwa akimwigiza kwenye kipaza sauti, akifuata sauti ambazo mumewe alimrekodi kwa siri.

Mume aliinuka, uso umemshuka.

“Nilidhani una mwanamke,” Muuguzi alisema.

“Sina, mke wangu. Haki ya Mungu.”

“Unaye. Yule pale. Umemchukua chumbani kwangu bila kuniomba.”

Mume akajitetea kwamba gemu inamcheka kila mtu: mheshimiwa anayezindua bomba lisilo na maji, tajiri anayeuza viwanja hewa. Ni kejeli kwa wakubwa, alisema.

“Mimi ni mkubwa wa nani? Na wewe uko wapi humo ndani?”

Jioni hiyohiyo Muuguzi akahamia kwa dada yake.

Siku ya nne mume alikuja na kompyuta. Hakujitetea. Aliomba msamaha, akamwonyesha dirisha la dawa likiwa tupu: amemfuta yule muuguzi wa gemu.

Muuguzi aliweka kidole pale aliposimama yule mwanamke.

“Mrudishe. Sasa nakuruhusu. Ila mheshimiwa wako naye aje apange foleni hapo. Na nyuma yake usimame wewe.”

“Niseme nini?”

“Usiseme kitu. Sikiliza.”

Kisha akasogea kwenye kochi, akampisha akae, aandike.