Vidonge Vyekundu vya Baba Rangi

"Chai imechemka. Epua."

Redio ya Motorola ikanyamaza. Koleo, askari wa kuzuia magendo, alielewa: lori limeshapakiwa, ingia.

Akaingia.

Mlango wa nyuma wa ghala la rangi ulikuwa wazi. Bastola ya Glock kiunoni. Mkononi kipima metali, umbo lake kama mashine ya kukaushia nywele. Mezani palijaa marundo ya vidonge vyekundu, vya kuongeza damu kwa wajawazito. Akakielekeza hapo. Kikalia.

Chuma: hakuna.

Madini ya risasi: tele.

Chuma hujenga damu. Madini ya risasi huibomoa, kisha humfuata mtoto tumboni. Mdogo wake Koleo, mjamzito wa miezi sita, alikuwa akimeza vidonge hivi. Asubuhi hiyo alilazwa. Koleo alipopewa habari alisema "sawa", akafunga viatu.

Mpaka sasa hakuhisi kitu.

"Dada, umepotea njia?"

Bosi wa magendo mwenyewe, Baba Rangi. Ameketi kando ya pipa la unga mwekundu wa kupaka vidonge, anatafuna mkate, vidole vyekundu hadi kwenye kucha. Mkono wa pili umeshika bastola.

"Lori haliondoki," Koleo alisema.

"Nani atalizuia? Wewe na kikausha nywele chako?"

"Huwa unakula hapo hapo?"

"Kwani wewe mke wangu?"

Alicheka. Fizi zake zilikuwa na mstari wa buluu. Akainua bastola afyatue.

Kiganja kikalegea, kikaning'inia kama soksi mbichi. Bastola ikaanguka.

Baba Rangi aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Koleo aliisukuma bastola kwa mguu, akamfunga pingu.

"Mkono wangu... una nini?"

"Umekula rangi yako mwenyewe. Madini ya risasi yamelegeza mishipa ya mkono, na fizi zako zinaonyesha. Ungekuwa unanawa kabla ya kula, ungeniua."

Akabonyeza redio. "Mkuu, nimeepua. Lori?"

"Tumelikamata getini, tunakuja kumchukua huyo. Na hospitali wamepiga. Dawa ya kutoa sumu imekubali, mtoto anarusha mateke. Wakimaliza watampa vidonge vya chuma, vya kweli."

"Sawa."

Nje kulikuwa na bomba. Koleo alinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Maji yakatoka mekundu. Yakatoka meupe. Akanawa tena.

Hakujifuta kwenye suruali. Ilikuwa na vumbi lile lile jekundu. Akaelekea hospitali kwa mdogo wake, mikono ikidondosha maji njia nzima.