Chungu Kimoja, Mabetri Mawili

Mpimakaya aliingia uani kwa Mzee Kapaya saa tatu asubuhi, akakunja miguu yake sita ya chuma kando ya jiko, akanyoosha shingo juu ya sufuria ya uji na kunusa. Kisha akageuza kichwa taratibu, akatazama vikombe vilivyopangwa kichanjani, kandambili zilizoachwa mlangoni na kanga mbili zilizoanikwa kambani. Mtu angehitaji kuuliza maswali ishirini. Yeye aliuliza moja, kwa sauti ya mgeni aliyelelewa vizuri.

"Mpikaji wa hapa ni nani?"

"Ni mimi," alijibu Mzee Kapaya.

"Leo tu, kwa sababu alijua unakuja," alisema mkewe, naye akacheka mpaka akaketi.

"Chungu kimoja. Watu wawili. Kaya moja," alitangaza Mpimakaya, na taa ya kijani ikawaka kifuani pake. Papo hapo betri la chumvi lililofungwa ukutani asubuhi hiyo likaamka. Lilitoa mlio mwororo kama wa nyuki mmoja, na feni ya sebuleni ikaanza kuzunguka.

Kalunde, fundi aliyelifunga, alifuta mikono yake na kukusanya vifaa. Kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka sita, na bado mlio ule ulimfurahisha kila mara. Betri lenyewe lilikuwa na ukubwa wa sanduku la nguo. Ndani yake mlikuwa na chumvi ya Uvinza iliyoyeyushwa na kufunzwa kushika umeme wa jua, ikaushika mpaka utakapotakiwa. Mwaka huo wa 2089, jiji la Tabora halikuwa tena na mtambo mkubwa wa umeme. Mtambo ulikuwa nyumba za watu. Mchana mapaa yalikusanya jua. Jioni, treni na viwanda vilipohitaji nguvu nyingi, kila nyumba iliazima jiji sehemu ya akiba yake.

Watu wasingeweza kununua mabetri hayo kwa fedha zao, kwa maana bei yake ilikuwa sawa na ya kiwanja. Kwa hiyo serikali ililipa robo tatu, na kila mwezi ikaipa kila nyumba kiasi kidogo kwa umeme iliouazima. Malipo hayo watu waliyaita ahsante ya jioni. Sharti lilikuwa moja: kaya moja, ruzuku moja. Hapo mwanzo wenye uwezo walijaza mabetri katika maghala yao, wakawauzia umeme majirani waliokaa gizani. Ndipo Mpimakaya akaundwa, ili apite nyumba kwa nyumba kuhesabu vyungu. Kwa maana kaya, kwa mujibu wa sheria, ni watu wanaokula chungu kimoja.

Kalunde aliifikiria sheria hiyo njia nzima alipokuwa akirudi kwake.

Kwake palikuwa nyumba ya tatu kutoka kwa Mzee Kapaya. Ua ulikuwa mmoja na nyumba mbili. Katika nyumba ya kwanza aliishi yeye, mumewe Mihayo, watoto wao watatu, na Mama Nyanzala, mama yake Mihayo. Katika ya pili aliishi wifi yake, Nyamizi, na binti zake wawili. Watu tisa, jiko moja, betri moja.

Nyamizi alikuwa msindikaji wa asali, na wiki hiyo alikuwa amepata barua ambayo aliisoma mara nne kabla ya kuiamini. Watu wa Kituo cha Mwezini walitaka mitungi arobaini ya asali kavu, ile inayokatwa kwa kisu kama sabuni, kwa sababu asali haiozi safarini. Walitoa miezi mitatu. Lakini ili asali ikauke hivyo, kinu cha kukaushia lazima kizunguke siku mbili kwa kila mkupuo, usiku na mchana, bila kusimama. Kikisimama, asali huganda ndani na kinu huharibika. Betri la pale nyumbani lingekiendesha mpaka saa nne usiku tu.

"Wifi, wewe ndiye fundi," alisema Nyamizi. "Niambie nikubali au nikatae."

"Kubali," alisema Kalunde. "Tutapata betri la pili. Kwa siku thelathini, wewe na sisi tuwe kaya mbili."

Alimweleza. Ukiomba kutambuliwa kuwa kaya mpya, Mpimakaya hubandika jicho la jikoni juu ya kila jiko. Ni kitu kidogo kama punje ya hindi. Halisikilizi maneno, huwatambua watu kwa hatua zao na kuhesabu wanaokula, hata nje ya jikoni. Baada ya siku thelathini, kama walaji hawakuchanganyika, ruzuku ya pili hutolewa.

"Kwa hiyo ni kila mtu kupika kwake tu," alisema Nyamizi.

"Kila mtu kwake tu."

Mihayo alisema kwamba wakishakubaliana wao wawili, yeye atakula popote atakapopelekwa. Mama Nyanzala alikuwa akimenya viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha viwe matobolwa. Hakuinua macho.

"Na mimi nitahesabiwa wapi?" aliuliza.

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo.

"Kwetu, Mama," alisema Kalunde. "Si ndiko unakolala?"

"Haya," alisema Mama, akaendelea kumenya.

Nyamizi akaweka jiko lake katika nyumba ya pili, macho yakabandikwa, na wiki ya kwanza ikawa mchezo. Watoto waliitana majirani na kubisha hodi ndani ya ua wao wenyewe. Nyamizi, ambaye hakuwa amesonga ugali kwa miaka mingi kwa kuwa Mama hakumruhusu mtu kugusa mwiko wake, aliunguza sufuria mbili, na harufu yake ikawachekesha wote.

Wiki ya pili kicheko kilipungua. Kila asubuhi Kalunde na Nyamizi walikuwa wamezoea kuchambua mboga pamoja, na hapo ndipo mambo yote ya nyumba yalipozungumzwa: ada, homa za watoto, mtu wa kualikwa na wa kukwepwa. Sasa kila mmoja alichambua peke yake. Siku moja mtoto wa Kalunde alikuja na kopo la chumvi kutoka kwa Nyamizi, na Kalunde, akilikumbuka lile jicho, akamwambia, "Hiyo ni ya watu wa kule. Irudishe."

Nyamizi alikuwa mlangoni. Alisikia.

Kesho yake aliuleta ungo wa Kalunde, ambao ulikuwa umekaa kwake tangu binti yake mkubwa alipozaliwa. Alikuwa ameuosha na kuukausha.

"Nimekuletea ungo wako," alisema. "Ahsante."

Kalunde aliupokea. Ungo uliooshwa hurudishwa kwa jirani, si kwa wifi. Alitaka kusema kitu, lakini Nyamizi alikuwa amekwisha kugeuka. Tangu hapo wakawa wanasalimiana tu.

Siku ya thelathini, Mpimakaya alirudi. Alikaa katikati ya ua, akakusanya hesabu za yale macho mawili ya jikoni. Kalunde na Nyamizi walisimama kila mmoja upande wake.

"Kaya mbili. Zimethibitika," alisema, na kifua chake kikafunguka kuwa kibao cheupe. "Weka kidole, ruzuku ya pili itolewe leo hii."

Kalunde alinyoosha mkono.

"Kabla hujaweka," aliendelea Mpimakaya kwa upole uleule, "kuna jambo la kurekebisha. Katika orodha yenu mna watu tisa. Mmoja hajala katika chungu chochote kwa siku kumi na tisa. Je, nimwondoe katika orodha?"

Mkono wa Kalunde ulibaki hewani.

"Lakini sahani yake inarudi tupu," alisema. "Nampelekea kibarazani kila siku."

"Kuku," alisema binti mdogo wa Nyamizi, akitazama miguu yake. "Bibi huwapa kuku."

"Nilidhani anakula kwako," Nyamizi alimwambia Kalunde.

"Nami niliiona sahani tupu, sikuuliza zaidi."

Walimkuta Mama Nyanzala kwa Mzee Kapaya, ameketi na mke wa mzee huyo, na bakuli la uji mkononi. Alipowaona wanakuja wawili pamoja, kwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa, aliliweka bakuli chini.

"Sikutaka kuwaharibia," alisema. "Nilisema siku thelathini si nyingi, zitakwisha. Lakini wanangu, nikila kwa huyu nasikia harufu ya jiko la yule. Chakula hakikushuka."

Nyamizi alipiga magoti akamshika mama yake miguu. Kalunde hakupiga magoti. Alirudi uani akikaribia kukimbia, akasimama mbele ya kibao cheupe.

"Futa," alisema.

"Nifute nini?"

"Kaya mbili. Andika moja, kama ilivyokuwa. Tulikudanganya."

"Sina mahali pa kuandika kwamba nimedanganywa," alisema Mpimakaya. "Nitakuunganisha na mtu."

Kwenye kibao ikatokea sura ya Bi Sijaona, afisa wa ruzuku, mwanamke wa makamo mwenye miwani. Alisikiliza kila kitu bila kumkatiza. Kalunde hakujitetea. Alijua kwamba leseni yake ya ufundi ilikuwa mikononi mwa mwanamke yule.

"Umejiondoa kabla ya kuweka kidole," alisema Bi Sijaona. "Hilo si kosa, fundi. Ni aibu, na aibu haina faini. Betri la pili hamtapata. Ila wewe nitakuita ofisini. Hizo siku kumi na tisa za mama yako zimenitia wasiwasi."

Mchana huo walipika katika jiko moja, na Mama alikula akaongeza. Nyamizi alisema kwamba atawaandikia watu wa Mwezini kuwaambia hataweza, na alilisema bila kulia, kama mtu aliyekwisha kupima kipi ni kizito.

"Usiandike kwanza." Aliyesema ni Mzee Kapaya, ambaye alikuwa amemsindikiza Mama na kukaribishwa. "Betri langu tunalitumia wawili tu. Tunawasha feni na taa mbili. Umeme unaobaki nauazima jiji. Je, nikitaka kukuazima wewe?"

Kalunde aliweka tonge chini. Sheria aliijua yote: iliwabana wanaopokea mabetri, lakini haikusema neno juu ya nani aazimwe, mradi umeme usiuzwe. Mwenye nyumba angekosa ahsante ya jioni kwa siku hizo, basi. Alichora hesabu kwa kidole juu ya mkeka. Nyumba tano zingetosha. Wakipokezana, zingehitajika kumi na tano ili asichoke mtu.

Wakaondoka wawili, yeye na Nyamizi, kubisha hodi mtaa mzima. Waliulizwa maswali mengi, hasa kuhusu Mwezi: kama huko kuna chai ya kutilia hiyo asali. Watu kumi na wanane walikubali, na mmoja akakasirika kwa kuachwa wa mwisho.

Kalunde alipitisha nyaya juu ya michongoma na kwenye matundu ya kuta, kutoka ua hadi ua. Kinu kilipoanza kuzunguka, watu walikuja kukitazama kana kwamba ni mtoto mchanga, na usiku, mabetri ya mtaa yalipopokezana zamu, hakikusimama hata mara moja. Wiki saba baadaye mitungi arobaini ilipakiwa kwenye treni, na Nyamizi akapeleka pande la asali katika kila nyumba iliyoazima.

Kalunde aliitwa ofisini kama alivyoahidiwa. Bi Sijaona alitaka swali jipya la kumpa Mpimakaya, kwa sababu lile la chungu lilimwacha mtu na njaa. Kalunde alikaa nalo siku tatu, akaandika na kufuta, mwisho akamuuliza Mama Nyanzala.

Mama alifikiri kidogo tu. "Muulizeni kila mtu: ukichelewa kurudi, ni nani anayekufunikia chakula?"

Bi Sijaona alilisoma swali hilo mara mbili. "Mashine haiwezi kulipima hili," alisema.

"Haiwezi," alikubali Kalunde. "Itabidi ikae isikilize."

Swali lilijaribiwa kwa mara ya kwanza katika mtaa wa pili, Jumatatu. Mpimakaya alikunja miguu kwenye ua wa kwanza saa tatu asubuhi, akauliza kwa upole wake. Ilipofika saa saba alikuwa bado palepale, wenyeji wamemzunguka, wakibishana, wakikumbushana, wakimtaja hata shangazi aliyefariki, na nyumba nyingine kumi na moja zilikuwa zinamsubiri.