Asilimia Mia na Mbili

Mtambo hautoi zaidi ya ulichopewa. Hata mtoto wa shule analijua hilo, na mpiga hesabu wa kituo cha umeme wa maji alilijua kuliko wote, maana kazi yake ilikuwa kukadiria kwenye kompyuta: maji kiasi hiki yakiingia, umeme kiasi hiki utoke. Mtambo wa kwanza ulitii. Wa pili ulitii. Wa tatu, kila siku saa nne asubuhi, ulitoa umeme uliozidi nguvu ya maji yaliyoingia. Asilimia mia na mbili.

"Hapa maji yamezidi unga," fundi mkuu alitania. "Kipimo kimekufa, dada." Akafunga kipimo kipya, mambo yakawa yaleyale.

Mpiga hesabu hakucheka. Miezi mitano nyuma, saa nne kama hiyo, mumewe aliyekuwa mzamiaji wa kituo aliingia kwenye handaki la mtambo ule kuondoa takataka, asitoke. Hata mwili haukupatikana. Basi akashuka ghorofa ya chini kabisa, kusikojua mchana wala usiku, akanusa mpira uliolowa wa nguo za kuzamia, na ndani ya chuma cha mtambo akasikia: ngo, ngo, ngo. Kwa wazamiaji, tatu maana yake nivuteni.

Alijibu kwa spana, mara mbili: tumekusikia. Tangu hapo akawa anajibu kila siku, na kwenye hesabu zake akachomeka tarakimu moja ya kusahihisha, ili mstari wa makadirio ufunike mstari wa umeme, mtu asiulize. Alijua anadanganya. Lakini aliyefiwa bila kaburi hung'ang'ania hata mlio wa chuma.

Kisha shemeji yake naye akasikia.

"Shemeji, ni kaka," alinong'ona kijana huyo, mzamiaji vilevile. "Kesho naingia."

"Huingii."

"Anaomba avutwe, sisi tumekaa tu?"

Mama mkwe alikuwa amebakiwa na mtoto huyo mmoja. Mpiga hesabu akamweleza fundi mkuu kila kitu, na asubuhi fundi akaja na mganga, mama mfupi mwenye mkoba wa shule, ambaye aliweka sikio kwenye chuma.

"Huyo si mumeo, mwanangu," alisema taratibu. "Ni jini wa maji. Hana sauti yake, hurudia tu alichokisikia humu ndani. Unamlisha kwa kumjibu, naye anataka mwingine aingie. Mwambie mwenyewe aondoke, kwa ishara zenu."

Ishara ya kusema kazi imekwisha ilikuwa kugonga mara nne.

Saa nne ilipofika taa zilififia, harufu ya mpira ikawajaa kooni, sakafu ikatetemeka hadi meno yakagongana, na shemeji, aliyekuwa tayari amevaa nguo za kuzamia, akawa anavutana na fundi mkuu huku chuma kikigonga tatu, na tatu tena, na tatu tena, haraka haraka kama mtu anayeishiwa pumzi, mpaka mpiga hesabu, machozi yakimtiririka, akainua spana akagonga nne.

Kimya.

Halafu, polepole, chuma kikajibu: moja, ikapita kitambo, kisha mbili za haraka.

Hiyo haikuwa ishara ya kazi. Ndivyo mumewe alivyogonga mlango wa nyumbani kila jioni kwa miaka kumi na mmoja, na humu ndani hakuna aliyewahi kugonga hivyo.

"Amekwenda," mganga alisema, akifunga mkoba. "Mshukuru Mungu."

Juu ofisini, mpiga hesabu alifuta ile tarakimu. Mistari miwili ikalala pamoja bila pengo. Shemeji yake alikuwa hai, anakunywa chai dirishani. Mpiga hesabu akalaza shavu mezani, akagonga moja, kisha mbili za haraka, akasubiri. Hakujibiwa.