Kiatu cha Reuben Tuttle

Alhamisi, tarehe 11 Oktoba 1759, ilikuwa siku ya kawaida katika mji wetu wa Wexbury, koloni la Connecticut. Matufaha yalikuwa yakikamuliwa, moshi wa majani makavu ulitanda juu ya mashamba, na jadi yangu Asa Wickham, fundi viatu, alikuwa akijengewa dohani ya kutolea moshi katika nyumba yake mpya. Nyumba hiyo ndimo ninamoandikia maneno haya. Nilikuwa karani wa mji huu tangu tarehe 1 Machi 1952 hadi nilipostaafu mwaka 1991, na sina desturi ya kuandika nisichoweza kukithibitisha. Wapitao nje na kukisoma kile kibao cha shaba, kisemacho kwamba Asa Wickham alikuwa askari shujaa na fundi mwaminifu, na wasome. Sikukipigilia mimi.

Siku zile hapakuwa na mtu aliyeziba dohani bila kuweka kiatu kikuukuu ndani ya ukuta wake. Mguu huacha umbo lake katika ngozi. Baya lolote litakaloshuka na moshi litainusa harufu ya mwenye kiatu, litaingia humo, na halitaweza kugeuka. Hivyo mwenye kiatu huwa mlinzi wa nyumba daima. Sharti lilikuwa moja tu: kiatu kiwe cha mtu wa nyumba hiyo.

Mwashi, Obed Crane, alinyoosha mkono kutoka juu ya jukwaa lake. "Lete kiatu, fundi. Au wewe ndiye unayewavika wote ukabaki peku?"

Watu wakacheka. Asa akainama chini ya benchi lake la kazi, akatoa kiatu kimoja. Obed akakigeuza-geuza.

"Cha mtu wa humu hiki?"

"Ndiyo."

"Sema vizuri, bwana. Nisije nikawafungia humu mtu asiye wenu."

"Ni wa nyumba hii," Asa alisema.

Matofali yakafunga tundu. Mkewe, Dorcas, aliyekuwa mlangoni na binti yao Keziah wa miaka sita, aliijua miguu yote ya nyumba ile. Kiatu kile hakikuwa cha mguu wowote kati ya hiyo.

Kilikuwa cha Reuben Tuttle, jirani yao. Asa alimshonea viatu hivyo kabla hawajaondoka pamoja kwenda vitani dhidi ya Wafaransa. Jumamosi, tarehe 8 Julai 1758, jeshi letu lilipigwa vibaya mbele ya ngome iliyo kando ya ziwa. Jioni ulienea uvumi kwamba adui anafuata nyuma, na askari wakakimbia wakikatiza kinamasi. Matope yaliwavua viatu kwa mamia. Asa alipotelewa na kimoja. Akiwa hivyo, mguu mmoja peku, alimkuta Reuben ameegemea gogo, risasi imemvunja paja, macho yake yamefumbuka. Akapiga magoti. Reuben alidhani amekuja kumbeba, akamzungushia mkono shingoni.

Asa akafungua kamba ya kiatu. Viatu vya wakati huo havikuwa na kulia wala kushoto. Chochote kilivaliwa mguu wowote.

"Asa, bado ni mzima mimi."

"Najua. Ntarudi kukuchukua."

"Kiatu hicho kinakwenda kwako," Reuben alinong'ona. "Basi na mimi nakwenda kwako."

Asa hakurudi kumchukua. Alifika nyumbani Jumamosi, tarehe 18 Novemba, akamwambia mjane Tuttle kwamba mwanawe alipigwa risasi ya kipaji cha uso na hakupata hata nafasi ya kusikia maumivu. Mjane hakumtazama usoni alipokuwa akisema. Alimtazama miguu. Na kila Jumapili katika nyumba ya ibada, kuanzia sala ya kwanza hadi ya mwisho, aliitazama miguu ile.

Asa akaacha kukivaa kiatu. Kisha akaanza kusema, kwa huyu na kwa yule, kwamba yule bibi ni mchawi. Katika mji kama wetu neno hilo haliokotwi tena likishaanguka. Kufikia siku ya dohani, wanawake walikuwa wamekoma hata kwenda kwake kuomba kaa la moto. Basi Asa alidhani amemaliza mambo mawili kwa tofali moja: ameuficha ushahidi, na amemzibia njia mjane aliyeuona.

Jumapili, tarehe 9 Desemba 1759, walirudi kutoka ibadani mchana. Sakafu zetu zilimwagiwa mchanga mweupe, na Dorcas alikuwa ameufagia asubuhi kwa mistari ya mawimbi, kama alivyofundishwa na mama yake. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Juu ya mawimbi yale palikuwa na nyayo tatu zilizotoka mekoni. Moja ya kiatu. Moja ya peku. Moja ya kiatu.

Dorcas akafagia. Kesho yake zilikuwa nne.

Wiki iliyofuata, wakiwa mezani adhuhuri na uji wao mzito wa mahindi, Keziah aliuliza kwa nini yule mjomba haketi.

"Mjomba gani?" Asa aliuliza.

"Huyu. Wa kiatu kimoja."

Kijiko cha Asa kikasimama hewani. Dorcas akatazama meza. Walikuwa watu watatu. Alikuwa ameandaa sahani nne.

Mwisho wa mwezi nyayo zilifika kwenye kitanda cha mtoto, zikakoma hapo. Asubuhi hiyo kiatu kimoja cha Keziah hakikuonekana. Asa akashona kingine, nacho kikapotea. Akashona cha tatu, cha nne, cha tano. Daima kilitoweka kimoja, na daima kile alichokivaa mguu uleule. Mguu wenyewe ukaanza kupoa. Ukawa mweupe hadi kifundoni, kisha wa rangi ya buluu. Asa alimchoma unyayoni kwa ncha ya msharasi wake, chuma cha kutobolea ngozi. Mtoto akamtazama tu, akingoja baba amalize. Tabibu alikuja tarehe 15 Januari, akasema ubaridi ukivuka goti ataukata mguu, na hakuahidi kwamba mtoto ataamka baada ya kukatwa.

Tarehe 16 Asa akaenda kwa mjane Tuttle. Alikwenda kwa vitisho.

"Mwondolee mwanangu uchawi wako, mama."

"Umekuja na miguu ya nani leo?" mjane aliuliza. "Uchawi wangu ni haya macho, Asa. Nilikiona kiatu cha mwanangu mguuni pako. Nikanyamaza, nikisubiri useme mwenyewe. Badala yake ukasema mimi ni mchawi."

Hapo Asa akaketi. Akaeleza yote: gogo, paja, mkono shingoni, kamba, na jibu alilompa mwashi.

"Alikuwa mzima?" mjane aliuliza.

"Alikuwa mzima."

Bibi yule alisogeza gogo mekoni. Hakulia. Kisha akasema maneno ambayo Asa aliyarudia kwa mkewe siku hiyohiyo, neno kwa neno, pamoja na mengine yote.

"Uliulizwa ni wa nyumba gani, ukasema ni wa kwako. Mimi sasa nimwite arudi kwangu kwa jina gani? Mpeleke mwenyewe pale ulipomwacha. Usirudi bila yeye. Wala usirudi naye."

Alhamisi, tarehe 17 Januari 1760, moto ukazimwa katika baridi ile, na Obed Crane akaitwa kubomoa alichojenga. Kiatu kilikuwa kimekaa miezi mitatu nyuma ya moto wa kila siku. Kilipaswa kukauka kama ubao. Kilitoka laini. Kilikuwa kimelowa. Kamba yake, iliyoingia ikiwa imefunguliwa, sasa ilikuwa imefungwa. Obed aliingiza vidole ndani, akavitoa upesi.

"Kina joto," alisema. "Kama kimevuliwa sasa hivi."

Asa akakivaa. Mguu wa pili akavaa kiatu chake mwenyewe, chenye alama yake kwenye soli: herufi A na W, na msharasi katikati. Obed na Dorcas walichungulia ndani ya tundu, mmoja baada ya mwingine. Lilikuwa tupu. Obed akaliziba, akachora tarehe katika chokaa mbichi.

Saa nane mchana Asa alitoka. Jua lilikuwa likiwaka juu ya theluji. Keziah alibebwa hadi dirishani amuage baba yake.

"Mjomba amemshika bega," alisema.

Hakuna mwingine aliyemwona mtu. Lakini Obed alizifuata nyayo hadi darajani, akarudi, na baada ya miaka mingi ndipo alipokisema alichokiona. Hadi darajani palikuwa na nyayo za Asa, na kando yake za mwingine, kiatu na peku, kiatu na peku. Kuvuka daraja, za yule mwingine zilikoma. Za Asa ziliendelea peke yake. Zilikuwa zimezama sana, kama za mtu aliyembeba mwenzake mgongoni.

Jioni hiyo mguu wa Keziah ukapata joto. Alichechemea maisha yake yote, na alikuwa akiisimulia habari hii hadi kifo chake, tarehe 3 Februari 1841. Babu yangu aliipokea kwa baba yake, aliyeisikia kinywani mwa Keziah mwenyewe. Nyayo hazikuonekana tena mchangani. Asa Wickham naye hakuonekana tena popote.

Jumatano, tarehe 14 Mei 1986, nilileta waashi wawili kuitengeneza dohani. Chokaa yenye tarehe ya 17 Januari 1760 ilikuwa nzima, bila ufa. Niliikagua kwa kioo cha kukuzia kabla hawajaigonga. Nyuma yake palikuwa na kiatu. Kwenye soli kulikuwa na herufi A na W, na msharasi katikati. Kilikuwa kimelowa, na kimeganda tope jeusi la kinamasi.

Nilikiandika katika daftari la kumbukumbu. Unene wa soli kwenye vidole ulikuwa nusu inchi. Nikakiweka katika kabati la kioo sebuleni na kulifunga; ufunguo ni mmoja, nami ninao shingoni. Kila tarehe 17 Januari hukitoa na kukipima. Mwaka 1991 soli ilibaki robo inchi. Mwaka 2001 mwanga ulipenya. Kiatu hicho hakijagusa ardhi tangu kilipotoka ukutani.

Leo ni tarehe 17 Januari 2004. Soli ya mbele imekwisha kabisa. Tope lililokiganda ni bichi, na mwaka huu si jeusi. Ni jekundu. Udongo mwekundu katika mji huu uko mahali pamoja tu, darajani.

Kutoka darajani hadi mlangoni kwangu ni hatua mia nne na kumi na mbili. Nimezihesabu adhuhuri hii.